Aliyechaguliwa wa Pili



Ukikaa na wanafunzi wanaopanga huku Kajaga baada ya Isha, hautapita muda kabla mtu hajauliza timu fulani ingemchukua nani. Marekani mjadala huo una msimu wake. Kila mwaka majina ya vijana wanaotoka vyuoni huwekwa mezani, na klabu huwachagua kwa zamu, zilizo dhaifu zikipewa nafasi ya kutangulia. Katika futiboli yao, ile ya mpira wenye umbo la yai na kofia ngumu, watu hugombana kwa miezi juu ya yule atakayemkimbilia mrusha mpira wa timu pinzani na kumwangusha kabla hajarusha. Achukuliwe mwenye nguvu au mwenye mbio? Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mfano wa karibu zaidi, wa mpira wa kikapu.

Tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, klabu ya Memphis Grizzlies ilikuwa na zamu ya pili. Ikamchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, kijana wa mita 2.21 aliyeanza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika NBA kabla yake. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa ametajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili, 2008 na 2009, kwa hiyo siku ile chaguo hilo halikumshangaza mtu. Wa tatu akachaguliwa James Harden. Wa saba akawa Stephen Curry, ambaye wengi walimwona mwembamba mno.

Yaliyofuata mnayajua. Curry amechukua ubingwa mara 4, na Harden alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Thabeet alishushwa ligi ndogo kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, kisha akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 safari yake ya NBA ikakoma. Tangu hapo, kila yanapoorodheshwa machaguo mabovu, jina lake husomwa miongoni mwa ya kwanza. Na sisi tunacheka, kwa lugha ileile aliyolelewa nayo.

Sasa tujiulize: tunaposema "Thabeet ni hasara", tunamhukumu nani? Thabeet hakujichagua. Waliokaa mezani ndio waliokuwa na amana ya kupima, na walijua kwamba katika nafasi yake tayari walikuwa na Marc Gasol. Kijana aliyeanza mchezo kwa kuchelewa alihitaji dakika nyingi uwanjani, nao wakamweka nyuma ya mtu ambaye hangempisha. Ikiwa kulikuwa na kosa, basi ni la mpimaji. Lakini jina linalobeba kosa hilo ni la aliyepimwa.

Msinielewe kwamba kuwapima watu ni haramu. Qur'ani inatueleza kuwa Talut alipofanywa mfalme wa Bani Israil, watu walimkataa kwa kuwa hana mali, wakajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu amemzidishia elimu na mwili. Mwili umetajwa pale bila haya, kwa sababu kazi iliyokuwa mbele ilikuwa vita. Katika sira tunasimuliwa kuwa kabla ya Uhud vijana wadogo walirudishwa nyumbani, ila Rafi' bin Khadij akaruhusiwa kwa kuwa alikuwa hodari wa mishale. Samura bin Jundub akalalamika kwamba yeye humwangusha Rafi' kwenye mieleka. Wakashindanishwa, Samura akamwangusha, na yeye pia akaruhusiwa. Napenda kisa hiki kwa sababu aliyekataliwa alipewa nafasi ya kuonyesha alichonacho. (Wale wenzetu wa kuchambua takwimu wangekosa la kusema mbele ya Samura.)

Kuna pingamizi zito zaidi, na limewahi kutolewa katika darsa zetu. Wanazuoni wa hadithi waliwataja watu kwa majina. Fulani dhaifu, fulani anasahau, fulani aachwe. Je, hiyo si kumvunjia mtu heshima kuliko sisi tunavyomsema mcheza kikapu? Jibu lipo ndani ya elimu yenyewe. Walilifanya kwa dharura, kwani dini ilikuwa inahifadhiwa kwa hayo, na walijifunga na kiasi cha dharura. Isitoshe, neno "dhaifu" kwa msahaulifu lilihusu upokezi wake, wala halikugusa ucha Mungu wake. Imam Malik anasimuliwa kuwa aliwakuta Madina watu wema wengi ambao hakupokea hadithi kwao. Aliwaheshimu, na hakupokea. Mambo mawili hayo yalikaa pamoja bila kugombana.

Sisi ndio tumeyachanganya. Abu Dharr, Mwenyezi Mungu amridhie, aliomba kupewa uongozi. Mtume (s.a.w.) akampiga begani kwa mkono wake, akamwambia kuwa yeye ni dhaifu kwa jambo hilo na kwamba ni amana. Ni nani kati yetu angethubutu kusema kuwa Abu Dharr alikuwa hasara? Alikosa kazi moja, na daraja lake likabaki palepale.

Mtu atasema Thabeet alilipwa mamilioni ya dola, basi avumilie. Mshahara hununua jasho na muda. Sijaona mkataba unaonunua heshima ya mtu, na kama upo, sisi watazamaji si miongoni mwa waliotia saini. Ama ile "lau wangemchukua Curry", aliyeketi mezani anaweza kuitumia ajifunze kupima vizuri zaidi kesho. Kwetu sisi imebaki kuwa mchezo wa kumdharau mtu kwa jambo la ghaibu ambalo hata walioajiriwa kulijua hawakulijua.

Nasema haya kwa sababu karibu kila mmoja wetu yuko mezani kwa mtu. Kuna aliyekosa nafasi ya kitivo alichokitaka baada ya mtihani wa taifa. Kuna anayerudia mwaka, na wenzake wameanza kumwita kwa jina hilo badala ya jina lake. Kuna kaka aliyepeleka posa Buyenzi ikakataliwa, na sababu aliyopewa haikuwa "hamtafaana", ilikuwa maneno juu ya yeye ni mtu wa aina gani. Na jumuiya yetu nayo huchagua viongozi. Anayekosa kura hujua kabla ya Alfajiri yaliyosemwa juu yake. Kamati ya uteuzi ijayo iandike mbele ya kila jina kazi inayotafutiwa mtu na kinachohitajika kwa kazi hiyo, na anayekataliwa aelezwe ni kipi kati ya hivyo kimepungua, kisha aulizwe kama anataka kushindana mieleka na Rafi'.