Kila Mzazi Husikia Jina Lake

Mturuki humwita baba yake baba. Mchina pia. Itupe habari hiyo kijiweni uone: mmoja atazikumbuka meli za Zheng He zilizofika Malindi karne ya 15, mwingine ataapa kwamba Waturuki na Waswahili walichanganya damu zamani. Hakuna ubishi mtamu kama wa asili ya neno, maana kila mwenye ulimi hujiona mtaalamu.

Mshona naye husema baba, ila huyo ni ndugu wa kweli. Mwambie ahesabu, akifika tatu utamtambua. Mchina akianza yi, er, san, undugu unakatika hapo hapo.

Mwaka 1960 Roman Jakobson, mwanaisimu mzaliwa wa Moscow, alichapisha maelezo yaliyonituliza. Alitumia maneno 1,072 ya kuwaita wazazi, yaliyokusanywa na mwanaanthropolojia George Murdock kutoka lugha nyingi za dunia. Midomo, alisema, ndiyo asili. Mtoto mchanga hana ufundi wa kusema r wala s. Hufumba midomo, huiachia, na hapo tayari ametoa ba au pa. Akiwa ziwani, kinywa kimejaa, sauti hupitia puani: m. Ndiyo maana m mara nyingi humwangukia mama.

Mara nyingi, si daima. Mrusi akisema baba anamtaja mwanamke, na si kwa heshima sana.

Kinachonikaa moyoni ni kwamba mtoto hakumwita mtu. Alikuwa akichezea midomo yake. Sisi wakubwa, tulioinama juu ya kitanda, ndio tulioichukua ile sauti na kujivika. Ubishi wa nyumbani, "kaniita mimi kwanza", ni wa watu wawili wanaogombea kitu ambacho mwenyewe hajakitoa. Simcheki mtu, nani angesubiri ushahidi?

Waswahili angalau tunamrudishia mtoto neno hilo. Mama humbembeleza mwanawe wa kiume, "nyamaza baba", hasa akiwa amepewa jina la babu yake, na binti akaitwa mama kabla hajaota meno.

Wageorgia wao waligawana kwa namna yao: mama kwao ni baba, na mama mzazi ni deda. Mtoto wa Tbilisi akitamka mama kwa mara ya kwanza, anayeruka kwa furaha ni mwanamume.