Weka Mwiko Chini

Ziko mboga zinazomvumilia mpishi mwenye pupa. Kabichi ukiisahau motoni kidogo bado italika, na mchicha uliopitiliza hulika vilevile. Bamia haiko hivyo. Haraka ya mpishi, wasiwasi wake au utulivu wake, vyote huonekana kwenye sahani. Ndiyo maana nimezoea kuitazama mboga hii kama mwalimu wa roho, ingawa mezani hukaa pembeni, kando ya ugali na samaki, na mlo ukisifiwa ni nadra mtu kuitaja.

Somo lenyewe huanzia sokoni. Katika soko la Mgandini, Tanga, yuko mama ambaye hupanga bamia zake mafungu mafungu juu ya gunia lililoloweshwa maji. Mnunuzi anayejua hachukui fungu kwa macho tu. Huchagua bamia moja na kuibana ncha kwa kidole gumba. Ikikatika kwa mlio, ni changa. Ikipinda bila kukatika, imekomaa, na hata ukiipika mchana kutwa utatafuna nyuzi. Siku moja nilikwishavunja ncha ya pili na mkono unaiendea ya tatu, yule mama akanishika kiganja kwa upole. "Vunja moja, mwanangu," akasema. "Zilizobaki niamini." Nikalipa, nikaenda zangu, lakini maneno yale hayajanitoka. Kupima ni haki ya mnunuzi, wala dini haikumkataza mtu kupima. Ila anayetaka kuhakikisha kila kitu kabla hajakipokea, mwishowe hubeba kapu la bamia zilizovunjika.

Shambani nako kuna la kutazama. Ua la mbamia hufunguka asubuhi, manjano laini lenye moyo wa zambarau iliyoiva, na kabla ya usiku wa siku hiyohiyo limekwishanyauka. Ukiliona, utamjua ndugu yake choya, na pamba pia, kwa kuwa zote ni ukoo mmoja, na mbuyu mkubwa nao umo humo. Ua likianguka, tunda hukimbia. Siku nne hadi saba limefikia kuchumwa, na likiachwa siku chache zaidi huwa gumu. Kwa hiyo mkulima wa bamia hupita shambani kila siku au kila baada ya siku moja, mikono ikimwasha kwa vile vinyweleo vya maganda. Akizembea hapotezi zilizokomaa peke yake, maana mmea unaobeba maganda yaliyozeeka hupunguza kutoa machanga.

Jambo hili nimelitafakari sana. Neema isiyopokelewa kwa wakati wake huziba njia ya inayofuata. Tunanyoosha mikono usiku tukiomba kuongezewa, na huku tulizokwisha kupewa zinakomaa juu ya mti: mzazi ambaye bado yu hai na hatujamtembelea, mwili wenye afya tunaoulisha ovyo, jirani mwema ambaye hatujamwitikia. Shukrani ya ulimi ni nzuri. Kuchuma ni shukrani ya mkono.

Sasa tuingie jikoni. Bamia huoshwa zikiwa nzima, kisha hupanguswa kwa kitambaa moja moja hadi zikauke. Wengi huiruka kazi hii, na ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu maji yakikutana na bamia iliyokatwa ute hutoka kabla hata moto haujawashwa. Mimi huipenda kazi hii kuliko zote. Mkono unapangusa, moyo unatulia, na ulimi ukitaka kumtaja Mungu unapata nafasi. Halafu kata kikonyo, kisha ukate vipande vya unene wa kidole kidogo. Tazama kipande kimoja kabla hujakiweka kando: mara nyingi kina pembe tano, na ndani vyumba vitano, kila chumba na mbegu zake nyeupe kama lulu. Ziko aina zenye pembe nane na zaidi, kwa hiyo sitaki kulifanya tano kuwa fumbo. Inanitosha kwamba ndani ya kitu kinachouzwa kwa fungu mna mpangilio ambao hakuna seremala aliyeupima.

Ute ndio unaowafukuza watu. Watoto wanaukunjia uso, na watu wazima wengi wanasema hawali "kitu kinachoteleza". Lakini ute huo ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, minyororo mirefu ya sukari inayonyonya maji na kuvimba, na huo huo unaotuchukiza ndio wenye faida kubwa. Ukifika tumboni hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, hulainisha choo, na huondoka na sehemu ya lehemu. Gramu 100 za bamia mbichi zina kalori zipatazo 33 tu, nyuzinyuzi gramu 3 hivi, na vitamini C miligramu zipatazo 23, pamoja na foleti ambayo mama mjamzito anaihitaji sana. Wagogo wa Dodoma hawakungoja kuambiwa haya. Kwao mlenda, mboga yenye ute unaovutika, ni fahari ya mlo, na magadi hutiwa kwa makusudi ili mboga iteleze na kuiva upesi, ingawa magadi hayo hula vitamini C.

Basi ziko njia mbili za haki. Ama uupokee ute kwa moyo mkunjufu, uchemshe bamia na nyanya chungu kwa maji na chumvi, ule na ugali wa dona. Ama uutulize. Wa kuhuzunisha ni yule wa katikati, asiyeutaka ute lakini anaupigania kwa mwiko.

Maana kuutuliza hakuhitaji nguvu. Weka kikaango kipana motoni, mafuta vijiko viwili vya chakula, yapate moto kwelikweli. Tandaza vipande bila kuvirundika. Usifunike, kwa kuwa mvuke hurudi kuwa maji. Kisha uviache, na kuviacha ndiko kugumu. Utasikia vinachachatika, utaona nyuzi za ute zinaanza kuvutana kati ya kipande na kipande, na mkono wako utautafuta mwiko. Ukikoroga, vipande hupasuka, mbegu hutoka, na ute hutapakaa kikaango chote. Ukingoja dakika tatu au nne, upande wa chini hupata rangi ya hudhurungi na zile nyuzi hukauka zenyewe. Hapo geuza mara moja, ongeza kitunguu na pilipili mbichi, ungoje tena. Chumvi hutiwa mwishoni kwa sababu huvuta maji. Ukishaepua kamulia ndimu, uchachu wake umalize ute uliobaki.

Kwenye zile dakika za kungoja nimeielewa tawakali, yaani kumwachia Mungu matokeo, kuliko nilivyoielewa darasani. Si kukaa bure. Bamia zilikwishachaguliwa, zikapanguswa, zikakatwa, moto ukapimwa. Mpishi ametimiza sehemu yake, na sehemu iliyobaki si yake. Shida yetu wengi si uvivu, ni kutojua mahali kazi yetu inapoishia. Mtoto tumemlea, bado tunamkoroga. Dua tumeiomba, tunairudia kwa hofu badala ya imani. Ugomvi umekwisha kusuluhishwa, tunaufunua tena kuona kama umepoa. Vilevile tawakali haimfundishi mtu kuacha tiba: wapo wanaokunywa maji yaliyolowekwa bamia na kutupa vidonge vya kisukari, na hilo ni kosa la kuhatarisha uhai. Bamia ni chakula chema pembeni ya dawa, kama ilivyo pembeni ya ugali. Na mwenye historia ya mawe kwenye figo amuulize daktari wake kwanza, kwa kuwa bamia ina oksaleti.

Mbali na kwetu, katika mji wa Konya, Uturuki, supu ya bamia ndogo zilizokaushwa, iliyotiwa limau, ni chakula cha heshima harusini. Mji huohuo ndiko alikozikwa Rumi, mshairi wa Kisufi aliyefariki mwaka 1273, na ndiko lilikokaa kaburi la Ateşbaz Veli, mpishi wa zawia yake, aliyefariki mwaka 1285. Mpishi kujengewa kaburi la kuzuriwa! Katika tarika ya Mevlevi iliyotokana na Rumi, mwanafunzi aliyetaka kuwa darweshi alitumika siku 1001, na malezi yake yalikuwa jikoni. Kabla hajapewa kazi yoyote alikaa siku tatu karibu na mlango wa jiko, akitazama tu wengine wanavyofanya. Sijui shule nyingine inayoanza kwa kumfundisha mtu kuzuia mikono yake, na naamini walijua walichokuwa wakikifanya. Jiko ni mahali ambapo nafsi haina pa kujificha: njaa ipo, moto upo, na watu wanangoja.

Kwa hiyo usiidharau mboga hii kwa kuwa ni ya pembeni. Katika nyumba zetu nyingi wali na nyama hupikwa kwa uangalifu wote, kisha bamia hutupiwa kwenye sufuria dakika za mwisho, na tunaposhindwa kuila tunailaumu yenyewe. Ipe dakika zake kumi na tano. Ichague changa, uikaushe vizuri, uipe moto wa kutosha na uiache. Pika inayowatosha watu wa nyumbani na jirani mmoja, umpelekee ingali na moto, kwa sababu bamia ya kukaanga haingoji kesho.