Maktaba Inayojengwa na Wengi
Mwaka 1993 Harry Plantinga, mtaalamu wa kompyuta nchini Marekani, alianza kuweka kwenye intaneti vitabu vya kale vya Kikristo ili visomwe bure. Maktaba kama hiyo hujengwa kwa msaada wa watu wa kujitolea, na wapo wanaohoji: je, urithi wa Augustino na Athanasio, mababa wa Kanisa na Waafrika wote wawili, ukabidhiwe watu wasio wanazuoni? Hofu hiyo ina msingi. Mashine inayosoma kurasa zilizopigwa picha huziona herufi r na n zilizobanana ikadhani ni m, na neno moja likiharibika hoja nzima huweza kupinda. Lakini dawa yake ni macho mengi: picha ya ukurasa ikiwekwa kando ya maandishi, yeyote anayejua kusoma anaweza kusahihisha, na mwingine akamkagua.

Kikwazo kikubwa zaidi ni hakimiliki, inayoilazimisha maktaba ya namna hii kutegemea sana tafsiri za karne ya 19, zenye Kiingereza kigumu na mtazamo wa wafasiri wake. Hapo mwanazuoni bado anahitajika. Hata hivyo, tafsiri kuukuu inayopatikana humfaa mwanafunzi wa teolojia asiye na fedha kuliko toleo bora asilolimudu. Ikiwa mafundisho ya mababa hao ni mali ya waumini wote, kuyatunza nako ni wajibu wao wote.