Tumaini la Mama na Siku za Mtoto

Mtu aliyefikwa na msiba haulizi kwanza kama njia iliyo mbele yake ni ya kweli. Huuliza kama ni njia. Mfa maji haachi kutapatapa. Kwa hiyo anayemwonyesha njia mtu wa namna hiyo huchukua dhamana kubwa, kwa kuwa atafuatwa bila ya kuhojiwa. Swali la insha hii ni hili: je, ni halali kumpa mzazi mwenye huzuni tumaini lisilo na msingi, maadamu linampoza moyo na dawa yenyewe haina sumu?

Jirani yangu mmoja alijaaliwa mtoto wa kiume mwenye mtindio wa ubongo. Uchungu wa uzazi ulikuwa mrefu, na mtoto alipozaliwa hakulia upesi. Alipotimiza mwaka mmoja alikuwa hajaweza kukaa. Miguu yake ilikazana na kupishana kama mkasi, na ngumi zake hazikufumbuka. Hospitalini mama aliambiwa kwa maneno machache kuwa hali hii haina dawa, akapewa tarehe ya kurudi, akaitwa mwingine. Baadaye alikwenda kwa mganga wa homeopathi. Huyu alimkaribisha, akamsikiliza saa nzima, akamwuliza habari za usingizi wa mtoto na za machozi yake mwenyewe. Kisha akampa vidonge vidogo vitamu na kumwambia asubiri. Mama yule alinijia akasema, "Mwalimu, vidonge hivi havimdhuru mwanangu. Nikimpa, nimekosa nini?" Siku ile sikuwa na jibu.

Kwanza yatupasa kujua kila upande una nini. Mtindio wa ubongo si laana, si uchawi, wala si malipo ya dhambi za wazazi. Ni dhara lililoupata ubongo ungali mchanga: kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa kukosa pumzi, kwa ugonjwa mkali wa manjano katika siku za kwanza, kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa malaria iliyopanda kichwani. Daktari Mwingereza, William John Little, aliyeueleza kwa mapana katika karne ya 19, aliuhusisha mwaka 1861 na uzazi wa shida. Dhara lenyewe la ubongo haliongezeki, lakini pia haliondoki. Udaktari wa leo hauna dawa ya kulifuta, nao hukiri hivyo. Ulicho nacho ni kazi ya kila siku: mazoezi ya kunyoosha viungo, kiti kinachomkalisha mtoto wima, dawa ya kutuliza kifafa, na mafunzo ya kumlisha bila ya kupaliwa.

Homeopathi ilianzishwa na Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1755. Alichukizwa na matabibu wa zama zake, waliowatoa wagonjwa damu na kuwanywesha zebaki. Msingi wake wafanana na msemo wetu kuwa dawa ya moto ni moto: kitu kiletacho dalili fulani kwa mtu mwenye afya huponya dalili hiyo kwa mgonjwa, mradi kizimuliwe sana. Na kuzimuliwa huko ni kwa ajabu. Katika dawa nyingi sehemu moja hutiwa katika sehemu mia, na tendo hilo hurudiwa mara 30. Tone moja likidondoshwa katika Bahari ya Hindi, likakorogwa kutoka Mombasa hadi Australia, lingebaki kali kuliko dawa hiyo. Mwaka 2015 baraza la taifa la Australia la utafiti wa tiba, baada ya kuchuja ushahidi wa miaka mingi, lilisema kuwa halikuona hata ugonjwa mmoja ambao homeopathi ina ushahidi wa kutegemewa kuwa huutibu.

Lakini haki itendeke pande zote. Wagonjwa wengi wa homeopathi walipona, kwani mwili ulioachwa upumzike hujiponya maradhi mengi, na tone la maji halikumwaga damu ya mtu. Tena mtoto mwenye mtindio wa ubongo naye hukua. Leo hawezi kushika kikombe. Baada ya miezi sita yamkini atakishika. Aliyempa vidonge atasema vidonge vimefanya kazi, wala hapana atakayemsuta, kwa sababu hatuna mtoto wa pili, sawa na yule kwa kila kitu, ambaye hakuvimeza. Kwa hiyo mtu mwaminifu aweza kuuza kosa bila ya kujua kuwa anauza kosa. Sisemi kuwa mganga yule alikuwa laghai.

Basi dhara liko wapi? Halimo katika kidonge. Limo katika siku zipitazo. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, na methali hii ni kweli hasa kwa viungo vya mtoto. Msuli usionyooshwa hufupika, na kiungo hugeuka kigumu. Kifafa kisichotulizwa chaweza kuongeza madhara mapya juu ya yale ya zamani. Mama anayengoja vidonge vifanye muujiza huona amempa mwanawe tumaini tu. Lakini tumaini ni la mama, na siku ni za mtoto. Mtu ana ruhusa ya kutumia mali yake apendavyo. Hana ruhusa ya kutumia ya mwingine, hasa mwingine asiyeweza kusema hapana.

Je, hospitali haina lawama? Inayo. Aliyesema, "Hakuna dawa," kisha akanyamaza, alisema nusu ya ukweli, na nusu ile ndiyo iliyomsukuma mama nje ya mlango. Nusu ya pili ilikuwa hii: hakuna dawa, lakini kuna kazi nyingi, na hutaifanya peke yako. Mganga alishinda kwa saa moja ya kusikiliza. Saa ile ilikuwa kweli, ingawa vidonge havikuwa.

Nakumbuka habari za Christy Brown, aliyezaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1932, naye ana mtindio wa ubongo. Madaktari walimwambia mama yake kuwa mtoto huyu hana akili ya kutarajiwa. Mama alikataa. Siku moja mtoto alinyakua chaki kwa mguu wake wa kushoto, na mama akamfundisha herufi. Mwaka 1954 Christy Brown alichapisha kitabu cha maisha yake, akawa mwandishi na mchoraji mpaka alipofariki mwaka 1981. Mtu aweza kusema: hapo tumaini lilishinda elimu! Lakini tutazame tumaini lile lilikuwa la namna gani. Mama yule hakungoja mkono upone, aliufundisha mguu. Hakumngoja mtoto mwingine aje kuchukua mahali pa yule aliyekuwa mbele yake.

Hili ndilo nalolichelea zaidi katika tumaini la uongo. Humfanya mzazi amtazame mtoto kama mlango ambao mtoto mwingine, mzima, atatokea. Mtoto aliyepo huishi bila ya kuonwa. Katika nchi yetu wengine huwaficha watoto hawa chumba cha nyuma kwa aibu, na hali Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima. Huyu hufichwa kwa aibu na yule kwa matarajio; wote wawili wamefichwa.

Nilirudi kwa jirani yangu nikamwambia, "Dada, kumpa vidonge si kosa lako, kosa litakuwa kungoja." Alilia, kisha akaniuliza nani atambeba mtoto mpaka kliniki ya mazoezi, kwa kuwa sasa amekuwa mzito na mgongo wake unamwuma. Nilifahamu kuwa swali lake la kwanza lilikuwa rahisi kuliko hili. Anayemwondolea mtu tumaini la uongo hana budi kumpa mkono badala yake. Tangu siku ile, kila Jumanne, mtoto yule hubebwa na watu wawili.