Mgeni na Amana

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa zama hizi huja na daftari na vichupa vya damu, na swali linabaki: katika ujio wake, nani apona?

Mwaka 1952 homa ngeni ilizuka katika uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Iliwakaza watu viungo hata wasiweze kunyooka. Wenyewe wakaiita kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kupindika, na jina hilo, chikungunya, leo latajwa katika hospitali za mabara yote. Damu ya wagonjwa ilichukuliwa, na mwaka 1953 R. W. Ross, mtafiti wa taasisi ya virusi ya Entebbe, Uganda, akakitenga kirusi. Aina mojawapo ya kirusi hicho hadi leo hujulikana maabara kwa jina la Ross. Mwenye damu hana jina.

Itasemwa kuwa kulisitiri jina la mgonjwa ni kumstahi. Ni kweli; ila kusitiri si kusahau. Asitiriye hubaki na deni kwa amjuaye. Asahauye hujiona hana deni kwa yeyote.

Haifai kuwahukumu watu wa 1953 kwa Azimio la Helsinki, lililopitishwa mwaka 1964. Tena kazi yao ilikuwa na heri: maradhi yasiyojulikana hayatibiki. Lakini manufaa ya ulimwengu mzima hayalipi deni la mtu mmoja. Na sheria ya amana ilikuwapo katika vijiji hivi kabla ya Helsinki.

Mashariki ya uwanda huo, ardhi inapoteremkia bonde la Ruvuma, ndipo ilipo Mahurunga. Mtafiti afikapo huko, awe wa mikoko, wa samaki au wa homa, huwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Barua imeshuka mkoani, wilayani, katani, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Wa mwisho kuulizwa ni mwenye kuulizwa maswali. Kwake barua hiyo ni sauti ya serikali. Nani athubutu kuikataa? Kibali hutoka ofisini, ridhaa hutoka moyoni, na ridhaa isiyo na nafasi ya kusema "hapana" ni utii tu.

Mama anayeulizwa watoto wake walikula nini jana hatoi takwimu. Anafunua siri ya chungu chake, na pengine aibu yake, mbele ya mtu asiyemjua. Akipewa sabuni au kanga, ameshukuriwa, hajalipwa. Jibu lake si zawadi wala bidhaa. Ni amana, na aliyepokea amana hana budi kuirejesha.

Itarejeshwaje? Mtafiti hawezi kuponya kila homa wala kujaza kila chungu, na aahidiye hivyo ni mwongo. Aweza kurudi. Akae juu ya mkeka uleule, aeleze kwa Kiswahili au Kimakonde alichokiona, hata kama ni kichungu, kisha anyamaze naye aulizwe. Wenyeji wakimwambia amekosea, aandike hilo pia.

Mgeni asiyerudi amechukua. Hata kama alibisha hodi.