Nani Alimfundisha Turere?

Richard Turere alikulia hapa Kitengela, kando ya Mbuga ya Nairobi, ambapo simba walikuwa wakiua ng'ombe wa kwao. Akiwa bado mtoto, akaunganisha betri ya gari, indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, akapata taa zinazomweka usiku kucha. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013 akalieleza jukwaa la TED.

Tukamwita jiniasi. Lakini ukimwita mtoto muujiza, shule haidaiwi kitu tena. Je, wamama wa Kimaasai wanaojenga enkaji kwa fito, udongo na samadi, si wahandisi? Mtoto wa Entarara akiambiwa aache maarifa hayo getini, huo ni wizi. Mwalimu aanze fizikia hivi tu: paa la samadi linazuiaje mvua?