Bingwa wa Mashindano Yasiyokuwako

Mjukuu wetu hupenda kutazama mieleka ya Marekani katika televisheni. Jioni moja, katikati ya kelele, alituuliza swali ambalo wengi wenu, ndugu wasomaji, mmekwisha kuulizwa na watoto wenu: "Babu, hawa wanapigana kweli au wanadanganya?" Tulimjibu upesi, kama afanyavyo mwalimu anayetaka kumaliza kipindi, kwamba wanadanganya. Baadaye tuliona aibu kidogo, maana jibu lile lilikuwa jepesi mno. Tukaanza kusoma habari za mchezo huo, na katika kusoma tukakuta jambo lililotunyima usingizi, si kwa ajili ya Wamarekani bali kwa ajili yetu wenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi Januari 1963, mjini Toronto, mpiganaji Buddy Rogers alishindwa na Lou Thesz, akapoteza ubingwa wa dunia uliokuwa ukitambuliwa na chama kikubwa cha waandaaji wa mieleka. Waandaaji wa New York, ambao Rogers alikuwa akiwajazia viti, hawakupenda kumfuata bingwa mpya. Wakajitenga, wakaanzisha ubingwa wao. Lakini ubingwa mpya unataka bingwa wa kwanza, na bingwa wa kwanza hana mtu wa kumnyang'anya mkanda. Atoke wapi? Basi Aprili mwaka ule ule ilitangazwa kwamba Rogers ameshinda mashindano huko Rio de Janeiro, Brazili, na kwamba katika pambano la mwisho amemwangusha Antonino Rocca. Watu wakaipokea habari. Kumbe mashindano hayo hayakufanyika kamwe. Hapakuwa na ulingo, wala mwamuzi, wala mtu aliyelipa kiingilio.

Utadhani waliona haya. La hasha! Mwaka 1979 kampuni ile ile ilipotaka mkanda mwingine, ule wa mabara, ilimtangaza Pat Patterson kuwa bingwa wa kwanza. Ikasemwa kwamba ameunganisha ubingwa wake wa Amerika Kaskazini na ule wa Amerika Kusini katika mashindano. Wapi? Rio de Janeiro tena. Na mashindano hayo nayo hayakuwako. Mwongo hodari huchagua mji ambao jirani yake hana shangazi.

Sasa, yafaa tujiulize kosa liko wapi, kama lipo. Wengine watasema mieleka yote ya namna hiyo hupangwa mshindi kabla, kwa hiyo uongo mmoja zaidi si kitu. Wenye mchezo wenyewe walikiri. Mwaka 1989 walieleza mbele ya seneti ya jimbo la New Jersey kwamba kazi yao ni burudani, ili waondolewe usimamizi uliowekewa michezo ya mashindano. (Tuliona ajabu kwamba ukweli uliofichwa miaka mingi ulitoka siku ulipoanza kupunguza gharama.)

Chuoni tulikojifunza ualimu, mkufunzi wetu wa lugha alitufundisha jambo ambalo hatujalisahau. Alisema msimulizi wa Kiswahili haanzi hadithi bila ruhusa. Husema "Paukwa," akangoja. Watoto wasipoitika "Pakawa," hana hadithi. Tena mahali pengine wasikilizaji huitika waziwazi kwamba uongo na uje, na utamu ukolee. Kwa hiyo sungura anaposema na fisi, hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Hivyo hivyo mtu anayekata tiketi, akiketi na kumzomea mpiganaji mbaya huku akijua, ameitika pakawa yake. Mapigano ya ulingoni, basi, tunaweza kuyaachilia. Bali habari ya Rio ililetwa kama habari. Mtu aliyeisikia mwaka 1963 hakuulizwa paukwa.

Hata hivyo hatuwezi kuishia hapo, maana yaliyofuata yanatatiza. Tarehe 17 Mei 1963, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Bruno Sammartino alimshinda Rogers kwa sekunde 48 na kuuchukua ule mkanda. Huyu alizaliwa Italia, na alipokuwa mtoto, wakati wa vita, mama yake aliwaficha milimani yeye na ndugu zake wasikamatwe na askari wa Kijerumani. Aliushika ubingwa mpaka Januari 1971, yaani zaidi ya miaka saba. Wahamiaji wa New York walijaza ukumbi kumwona mtu aliyefanana nao. Mwaka 1976, alipokuwa bingwa kwa mara ya pili, alivunjika shingo ulingoni akipambana na Stan Hansen. Mshindi aliweza kupangwa, ila shingo haikupangwa. Je, tuseme mkanda wa mtu huyo ni wa uongo kwa sababu wa kwanza kuuvaa aliupewa kwa mashindano ya kubuni? Sisi hatuthubutu. Kuna vitu huanza vibaya, kisha watu wema wakavibeba hata vikawa na uzito wa kweli.

Hoja hiyo tuliipenda sana, nasi tunajua kwa nini tuliipenda.

Mwaka 1988 tulikuwa walimu wa michezo katika shule moja ya bara. Mfadhili alitoa kikombe cha mbio za mita 1,500, kwa sharti kwamba jina la bingwa wa kwanza lipelekwe kabla ya kufunga muhula likachorwe. La sivyo, kikombe kiende shule nyingine. Mvua ilinyesha majuma mawili, uwanja ukawa jaruba la mpunga. Ikabaki siku moja. Tulikaa mezani na daftari la michezo, tukaandika kwamba mbio zimefanyika. Bingwa tulimwandika kijana ambaye kila mtu alijua ndiye mwenye mbio kuliko wote. Tukamwandikia na muda wake, dakika 4 na sekunde 41, kwa kuwa dakika 4 kamili zingetushtaki. Kisha daftari lilikuwa na nafasi ya mshindi wa pili na wa tatu. Tukazijaza.

Tulijiambia hatukumdhulumu mtu. Mwenye kustahili amepata, shule imepata kikombe, watoto wa miaka iliyofuata wamepata cha kukimbilia. Na kweli walikikimbilia. Chini ya jina lile la kwanza yapo majina mengi ya watoto waliotoka jasho.

Miaka ilipita. Siku moja, katika arusi ya jamaa, mtu mzima mwenye mvi alitujia, akatuamkia kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," akaketi. Tukazungumza habari za watoto na mashamba. Kisha akasema, akicheka, "Mwalimu, mimi ndiye yule niliyeshindwa mbio ambazo sikukimbia." Tukacheka pamoja naye. Alipoacha kucheka alisema polepole, "Mwaka ule nilikuwa nikifanya mazoezi alfajiri, peke yangu. Ningemshinda."

Tungemjibu nini? Kwamba asingeweza? Hatujui, na sasa hakuna awezaye kujua. Hapo ndipo tulipoelewa tulichokichukua katika lile daftari. Tulidhani tumetangulia tu kusema jambo ambalo lingetokea, kumbe tulikuwa tumemwondolea kijana siku ya kujaribu. Rogers na Rocca walikuwa watu wazima, wenye kazi moja, wakilipwa kwa kushinda na kwa kushindwa. Yule wetu alikuwa mtoto wa miaka 15, naye alisoma ubaoni kwamba ameshindwa.

Tumemwandikia mwalimu mkuu wa sasa barua mara mbili, tukieleza habari ya kikombe, na mara mbili tumeichana. Maana yupo pia yule bingwa, ambaye hakuomba kuandikwa, na wanawe wamepiga picha na kikombe chenye jina la baba yao. Haki ya mmoja ni aibu ya mwingine, na mwenye deni ni sisi, wala si wao. Baada ya mavuno tutasafiri. Tutaanza kwa yule wa pili, tumwulize kama anataka jambo hili lisemwe shuleni, au kama kulisema arusini kulimtosha.